Kundi Lililoongozwa kwa Misonyo

Nsyooo.

Hiyo ndiyo sauti inayonijia kwanza, kabla ya sura yake na kabla ya harufu ya wanga na mvuke iliyokaa kwenye nguo zake. Msonyo wa shangazi haukuwa kama wa watu wengine, wanaosonya mara moja na kuendelea na shughuli zao. Wake ulianza taratibu. Ulimi ulijibana nyuma ya meno ya mbele, ukavuta hewa, ukavuta, ukazidi kuvuta, mpaka aliyesonywa akaanza kutafuta mahali pa kuweka mikono. Tulikaa ghorofa ya tatu, na jirani wa chini aliwahi kuapa kwamba ameusikia akiwa anaoga. "Nani tena leo?" aliuliza alipokutana nasi kwenye ngazi. Hakuuliza kuna nini.

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke mrefu mwenye mkono wa kulia ulionenepa kuliko wa kushoto. Kwao ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo hakukuwa na mtu mbele yake wa kumwita kaka wala dada. Labda ndiyo sababu alizoea kuwatazama watu wote kutoka juu. Tangu ujana wake alinyoosha nguo za wenzake, na katika muda wote huo hakukutana na kola iliyomfanya amheshimu mwenye shingo. "Suti ya bwana harusi, kwapa la mbeba magunia," angesema, akigeuza koti upande wa ndani. Au: "Huyu anakulia mdomo au anakulia tai?" Mwenye duka, mtu aliyepandisha mabega kila alipovuka mlango wake mwenyewe, alimwogopa, akajidanganya kwamba anamheshimu tu. Wateja walimwita mama. Yeye hakuwaita kitu.

Aliolewa mara moja. Mume alikuwa fundi redio, mpole kama maji ya mtungini. Siku moja shangazi akamwona analikunja shati lililotoka kupigwa pasi, analikunja kama mtu anayefunga samaki kwenye gazeti. Alimtazama, akasonya, akafungasha nguo zake, akaondoka.

"Si ungemfundisha?" mama yangu aliwahi kumwuliza.

"Mtu mzima hafundishwi kukunja shati, wifi. Aliyeanguka aamke mwenyewe."

Inasemekana fundi redio alimfuata mpaka njiani, akamwomba amngoje wazungumze. "Simngoji mtu," alimjibu, na hakugeuka. Hayo mawili, aliyeanguka aamke na simngoji mtu, ndiyo yalikuwa katiba yake. Watoto wa ukoo wetu tulijifunza kutembea chini ya katiba hiyo. Ukianguka, wengine walikukimbilia. Yeye alikutazama kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Ndiyo maana siku alipoanguka yeye, hakuna aliyejua afanye nini.

Alikuwa akishuka ngazi za nyuma za dukani, amebeba suti za watu juu ya mkono, akakanyaga maji. Mlinzi alikimbia, akamnyooshea mkono. Shangazi akautazama mkono ule kama anavyotazama doa. "Umenawa?" akauliza. Kisha akaamka mwenyewe, akakusanya suti moja moja, akatembea mpaka nyumbani kwa mguu uliokuwa na ufa mdogo kwenye kifundo. Alipofika kwetu, ufa ulikuwa umekwisha kuwa mvunjiko. Daktari alimwambia kwamba angekubali kushikwa tu, asingefungwa plasta. Shangazi alituambia daktari yule ana vidole vya mtu mvivu.

Akawekwa sebuleni kwetu, mguu juu ya mto, na nyumba ikaanza kupungua. Hiyo ndiyo namna ninayoweza kuieleza. Kila kitu alichokitazama kilipungua thamani. Pazia la mama likawa kitambaa cha kufutia vyombo. Baba akifungua gazeti, angesikia: "Mdogo wangu, hilo unalisoma au unalipepea?" Mama akipiga deki, shangazi alilifuata tambara kwa macho kutoka kona hadi kona, na mwisho wake ukaja ule msonyo. Mama alikuwa na subira, lakini hata subira ina kitako chake, na kikisuguliwa sana kinatoboka. Dada yangu ndiye aliyetuokoa. Aliichukua simu ya shangazi, akaweka mchezo humo, kama mtu anavyompa mtoto mchanga kijiko ili watu wapate kupika.

"Nini hiki?"

"Mchezo, shangazi. Unacheza na watu popote walipo. Wanne kwa wanne."

"Watu wazima?"

"Ndiyo."

"Wenye ndevu zao?"

"Wengine."

"Wanakimbizana ndani ya kioo." Akasonya. Jioni ile ile simu ilikuwa imekaribia pua yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, na sitautetea. Kuna ngome mbili na daraja katikati. Kila upande una watu wanne na lango moja, na upande unaoliangusha lango la adui umeshinda. Ukipigwa unapiga magoti, na juu ya kichwa chako unawaka mshumaa mdogo. Mwenzako anaweza kuja akakushika mkono mpaka uamke, lakini wakati anakushika hawezi kujikinga. Mshumaa ukizimika kabla hujashikwa, umetoka. Unaweza pia kutambaa peke yako hadi kisimani na kuamka, kama kisima kiko karibu na kama wanakuacha utambae. Shangazi aliposikia kanuni hiyo ya kushikana mikono alicheka kwa mara ya kwanza tangu afungwe plasta. Hakumshika mtu. Alikuwa mwepesi wa kidole, alijua kunyemelea, alipiga na kurudi, na waliopiga magoti pembeni yake aliwaruka kama madimbwi.

Makundi yakamkimbia. Mchezo ulimpangia watu, watu wakamsikia, wakaondoka. Yeye hakutumia hedfoni, alisema hamtii mtu masikioni mwake, kwa hiyo sauti zote zilitoka kwenye spika ya simu, nasi tukawasikia wanavyokuja na wanavyokwenda. Mwishowe walibaki watatu. Sitasema walibaki kwa sababu walikuwa hodari. Walibaki kwa sababu hakuna kundi jingine lililowataka.

Wa kwanza alikuwa msusi. Alicheza akiwa saluni, baina ya kichwa na kichwa, na kila alipofungua maiki mashine ya kukaushia nywele ilinguruma nyuma yake, naye akapaza sauti ili aishinde. Shangazi alimbandika jina la Tarumbeta. Wa pili alifundisha hesabu, na hakuwahi kurusha mshale kabla ya kueleza kwa nini. Huyo akaitwa Mwalimu, nalo lilitamkwa kama tusi. Wa tatu alikuwa fundi viatu. Alicheza kwenye kibanda chake akiwa amemaliza kazi, na alipenda kukaa langoni bila kusogea. Alikuwa na kigugumizi.

"Wa-wa-wana..." alisema siku ya kwanza.

"Wana nini?" shangazi akauliza. "Wana njaa? Wana wivu?"

"Wa-wanakuja ku-ku..."

Mshale ukamkata shangazi bega.

"Kushoto," akamaliza fundi viatu.

"Asante sana. Nimekwisha kuwaona, wako begani kwangu. Wewe jina lako ni Kizibo. Umekaa langoni kama kizibo cha chupa, na ukifunguka hakitoki kitu."

Tarumbeta alicheka mpaka mteja wake akalalamika kwamba anavutwa nywele. Na yule fundi, badala ya kuondoka kama wengine, alicheka pia. Kicheko chake hakikuwa na kigugumizi.

Hapo ndipo kundi lilipoanza, kama hilo ni jambo la kuitwa mwanzo. Hakukuwa na maneno matamu, hakuna aliyesema sisi ni familia. Kulikuwa na shangazi mwenye mguu juu ya mto, akiwasimanga watu watatu asiowajua, na watu watatu waliorudi kesho yake kusimangwa tena. Niliwadharau kidogo, nakiri. Nilidhani ni watu wasiojiheshimu.

Aliyegundua siri ni Kizibo. Maneno yalimchelewesha, kwa hiyo alikuwa amezoea kusikiliza vitu vingine. Siku moja, kabla hawajaanza, akaomba kusema. Shangazi akavuta pumzi ya kumkatisha, lakini Tarumbeta, ambaye kama wenzake alimwita jina alilotusikia sisi tukimwita, akamtangulia: "Mwache amalize, Shangazi. Nimezima na mashine."

Akamaliza. Ilimchukua muda, na maana yake ilikuwa hivi: misonyo ya Shangazi haifanani. Anapoona maadui wengi mbele, husonya kifupi, kama anayetema kokwa. Anapoona njia iko wazi na wenzake wamezubaa, husonya kirefu. Na anapoogopea lango, husonya mara mbili. Yeye alikuwa ameacha kusikiliza maneno ya Shangazi, alifuata misonyo tu, na tangu hapo hakuwa amepigwa mara nyingi.

"Kwa hiyo," akasema Mwalimu, na ungemsikia akikaa vizuri kitini, "mfupi ni kurudi, mrefu ni kusonga mbele, miwili ni kufunga lango. Ni mfumo."

"Mfumo!" shangazi akasema. "Mimi nasonya kwa sababu mnanichefua."

"Endelea kuchefuka hivyo hivyo," Tarumbeta akasema. "Tunashinda."

Na kweli wakaanza kushinda. Maneno yanachelewa, msonyo hauchelewi. Adui walipokuwa bado wanaambiana "jamani, jamani, huku," wale watatu walikuwa wamekwisha kuvuka daraja. Kizibo naye alikuwa na lugha yake. Alikuwa na nyundo ya viatu mezani, na badala ya kuhangaika na neno aligonga. *Ko* baada ya msonyo, nimesikia; *ko* kabla ya msonyo, nifanye nini? *Ko-ko*, wako langoni. Jioni sebule yetu ilijaa misonyo na nyundo, na mama alisema heri hivi kuliko kusimangwa pazia lake.

Plasta ilipotolewa na shangazi akarudi dukani, aliendelea kucheza. Alitoka kazini, akavua viatu, akakaa palepale. Dukani hakuna aliyengoja aseme kitu, waliomba asiseme. Kwetu tulipita pembeni yake kama watu wanaokwepa pasi ya moto. Lakini kulikuwa na watu watatu mahali fulani waliotega masikio kuusubiri msonyo wake, na hawakusogea mpaka wausikie. Mtu anaweza kuzeeka bila kupata hilo. Nadhani alilijua. Nadhani lilimtisha pia, kwa sababu aliwasimanga zaidi.

Jioni moja baada ya mchezo walibaki wakizungumza, kama walivyokuwa wameanza kuzoea. Kizibo akauliza habari za mguu. Akasema, kwa shida yake, kwamba mguu uliovunjika hupenda kiatu chenye kisigino kilichoinuliwa kidogo upande mmoja; kama Shangazi angempa kipimo, angemshonea.

"Nikupe unyayo wangu wewe? Viatu vyako si vitatembea kwa kigugumizi?"

Wakacheka, wote wanne. Kesho yake asubuhi nilimkuta sebuleni peke yake, amesimama juu ya gazeti la baba, ameinama na penseli, anauzungusha unyayo wake. Aliponiona akalikunja gazeti, na alilikunja vibaya, kama mtu anayefunga samaki.

Kisha yakaja mashindano. Yalikuwa ya makundi madogo kama lao, yasiyo na sifa, na kanuni zake zilikuwa rahisi. Mnakutana na kundi moja mara mbili. Mkishindwa mara zote mbili mmetoka. Na kundi lisilotimiza watu wanne siku ya pili linafutwa, jina na kila kitu, na wachezaji wake wanatawanywa kwa wengine. Mwalimu aliwasomea kanuni hizo polepole, mara mbili. "Tumesikia," shangazi akasema. "Hatuna kigugumizi cha masikio."

Mchezo wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Walikuwa wamewabana adui ng'ambo ya daraja. Tarumbeta na Mwalimu walikuwa wamejificha katikati, Kizibo langoni, na shangazi ametulia, anangoja adui wachoke. Kilichohitajika ni kutulia tu. Hapo mama akaingia na kikombe.

"Wifi, chai yako."

Shangazi akaipokea bila kuinua macho, akaionja. Haikuwa na sukari. Mama baadaye aliapa kwamba alisahau. Sina la kusema juu ya hilo.

Nsyooooo.

Ulikuwa mrefu kuliko yote niliyowahi kuisikia. Ulianzia kwenye chai, ukapita kwenye pazia, kwenye deki, kwenye miaka yote ya uwifi. Na kwenye simu tukasikia Tarumbeta akipiga kelele, "Haya, twende!" Wakachomoka wote. Mwalimu alichomoka bila hata kueleza. Kizibo, aliyekuwa hasogei, aliliacha lango na kukimbia darajani kama mtu aliyeitwa na mama yake. Adui wakamwona, wakapita pembeni yake, na lango likaanguka kama pazia lililokatika kamba.

Kisha shangazi akalipuka.

"Mbumbumbu nyie! Msonyo ule ulikuwa wa wifi yangu!"

"Sasa sisi tutajuaje?" Mwalimu akasema. "Maiki haichagui."

"Akili ingechagua! Na wewe, Kizibo, kazi yako ni moja. Moja! Kukaa langoni. Hata jiwe linaiweza. Kama una shaka, si unauliza?"

"Ni-ni-nili..."

"Basi, basi! Tungengoja umalize swali, tungezikwa na wajukuu wetu hapa. Mtu hata jina lake mwenyewe halijawahi kumtoka zima, halafu mimi nimemwachia lango."

Kwenye saluni mashine ilikuwa imezimwa. Hapakuwa na mtu aliyecheka. Tukangoja ile nyundo, hata *ko* moja, haikuja. Jina la fundi viatu lilikuwa limewaka kijani kwenye kioo. Likawa la kijivu.

"Hapo umepitiliza, Shangazi," Tarumbeta akasema.

"Nimesema kweli."

"Mtu wa watu amejifunza misonyo yako kama mtoto anavyojifunza kuhesabu. Ndiye aliyetufundisha na sisi. Leo umesonya akatii, ndilo kosa lake?"

"Aliyeanguka aamke."

"Sawa. Ila nikuambie kitu. Sisi tunacheka misonyo yako kwa sababu tuko mbali. Hao wanaokaa na wewe, wanacheka?"

Simu ilikuwa mezani, spika wazi. Baba alikuwa nyuma ya gazeti lake. Mama alikuwa amesimama na sinia mkononi. Lakini mama, ambaye angeweza kulipokea swali lile kama zawadi ya maisha, alitoka polepole akaenda kuleta sukari.

Siku zilizofuata walijizoeza watatu. Mtu wa langoni hakuwepo, na shangazi, kwa kuonyesha kwamba hata jiwe linaiweza, akasimama yeye. Nilikuwa nimekaa karibu. Dakika ile ile alipigwa. Akapiga magoti, mshumaa ukawaka juu ya kichwa chake, akatazama huku na huku. Tarumbeta na Mwalimu walikuwa mbali, wanapigana. Akatambaa hadi kisimani, akaamka, akarudi langoni, akapigwa. Akatambaa tena. Mishale yote ya mchezo ule ilikuwa na anwani moja, lango, na kati ya mshale na lango alikuwa ametakiwa kusimama mtu. Hakuna aliyemwona mtu huyo, hakuna aliyemsifu, na shangazi mwenyewe, jioni zote Kizibo alipokaa langoni, hakuwahi kugeuza kichwa kutazama ni nani anatambaa nyuma yake.

Aliiweka simu juu ya goti.

"Kazi ya kipuuzi kama hii," akasema, "yule mtu anaifanyaje?"

Kwa kipimo chake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Sikumbuki kumsikia akitoa nyingine.

"Umempigia?" Tarumbeta alimwuliza kila jioni.

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Neno dogo tu. Samahani."

"Halinienei mdomoni."

"Basi tutafutwa. Mimi nitapelekwa kwa watoto wanaotukana, Mwalimu atapelekwa kwa watu wasiopenda maelezo, na wewe..." Akasita. "Wewe nani atakuelewa ukisonya?"

Shangazi alizima simu bila kuaga. Akaanza kuusugua mguu uliopona kwa mguu mzima.

Mchezo wa pili ulikuwa mchana wa siku ya mapumziko, jua limejaa dirishani. Hakuna aliyekubali kwamba amekuja kutazama. Baba alikuwa na gazeti, dada yangu alikuwa anakunja nguo. Mama alisema, "Wifi, leo siingii na chai."

"Ingia. Ila bisha hodi."

Majina matatu yaliwaka kijani. Mwalimu alikuwa kimya, jambo lisilowahi kutokea. Tarumbeta alikuwa amefunga saluni, na bila mashine ile sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu wa kawaida. "Nilimpigia mimi," akasema. "Hakuahidi kitu." Saa ya mchezo ilikuwa inashuka kwenye pembe ya kioo. Ilipobaki kidogo kabisa, jina la nne likawaka.

"Ah!" Tarumbeta akasema. "Karibu, ndugu yangu. Karibu."

Hakugonga. Alikwenda moja kwa moja langoni, akasimama.

Shangazi akajiweka sawa kitini.

Walicheza vibaya, kisha vizuri. Misonyo ilitoka michache, kama kwa mtu anayepima chumvi. Nayo ilifuatwa, lakini kwa tahadhari, kila mmoja akichelewa kidogo kuhakikisha kwamba ni wao wanaosonywa. Na kuchelewa kule ndiko kulikomtia shangazi kichaa. Aliona njia wazi, akasonya kirefu, wakasita. Simngoji mtu. Akavuka daraja peke yake, akapita ukutani, akafika mpaka kwenye lango la adui, akalipiga, likatikisika, akalipiga tena. Mshale ukamwingia mgongoni.

Akapiga magoti mbali kuliko alikowahi kupiga mtu yeyote wa kundi lake. Mshumaa ukawaka. Hapakuwa na kisima upande ule.

"Shangazi kaanguka!" Mwalimu akasema. "Siwezi kusogea, tumebanwa darajani wote wawili. Akitoka tumekwisha, watatu hawawezi..."

"Tunajua!" Tarumbeta akapiga kelele. "Kizibo! Wewe ndiye uliye huru!"

Kizibo alikuwa langoni, mbele yake hakuna adui. Kama angekimbia kwa kuzunguka kando ya maji angefika. Lakini alikuwa ameliacha lango mara moja katika maisha yake, kwa kumtii mtu, na tulikuwa tumesikia alichoambiwa. Hakusogea. Mshumaa ulikuwa umefika nusu. Adui alikuwa anazunguka kutafuta namna ya kummaliza shangazi, na shangazi alikuwa anatambaa, hajui anatambaa kwenda wapi.

Hapo tukasikia nyundo.

*Ko.*

Moja tu. Nifanye nini?

Niliuona ulimi wa shangazi ukienda kwa mazoea nyuma ya meno. Nikaona mashavu yakiingia ndani. Kisha akabaki hivyo. Msonyo mfupi ni rudi. Mrefu ni songeni mbele. Miwili ni funga lango. Katika misonyo yote aliyowahi kuitoa, dukani, kwenye ngazi, kwa mume, kwa mlinzi, kwetu sote, hapakuwa na hata mmoja wenye maana aliyoihitaji sasa. Lugha nzima aliijenga yeye, na neno hilo hakuliweka.

*Ko*, nyundo ikauliza tena.

Baba alishusha gazeti. Mama alikuwa mlangoni na kikombe, ameinua mkono kubisha hodi, hajabisha. Shangazi hakututazama. Mashavu yake yakalegea. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni, karibu kabisa, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Kaka," alisema, kwa sauti tuliyoipata kwa shida sisi tuliokuwa chumba kimoja naye, "nishike mkono."